Kwa Nini Jiwe Lililosagwa Haliwi Udongo

Swali: Tulifundishwa kwamba udongo hutokana na mawe yaliyovunjikavunjika. Nikachukua jiwe jeusi la volkano, nikalitwanga na kulichekecha mpaka likawa unga, nikaujaza kwenye kopo, nikapanda mbegu tano za mahindi na kuzimwagilia. Zote ziliota. Kufika wiki ya tatu majani ya chini yakawa ya njano kuanzia nchani kuelekea katikati, unga ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na miche ikafa mmoja baada ya mwingine. Nilikosea wapi? Na kama udongo unaweza kupotea, je, tunaweza kuutengeneza upya?

Jibu:

Ndugu msomaji,

Hukukosea popote. Ulifanya jaribio safi na mimea ikakujibu ukweli: ile sentensi tuliyokaririshwa, kwamba udongo ni mawe yaliyovunjika, ni nusu ya habari. Nimefanya kazi na udongo kwa miaka mingi, nimesimama ndani ya mashimo yaliyonifika shingoni nikisoma matabaka yake kwa kisu na chupa ya maji, na bado sentensi hiyo hunisumbua, kwa sababu humfanya mtu audhani udongo ni kifusi kilicholala tu chini ya miguu yake. Kifusi ndicho ulichokuwa nacho koponi, ingawa kilikuwa laini. Nikueleze kilichopungua, nikianza na yale majani ya njano, maana ndiyo yaliyosema mengi.

Punje ya mahindi huja na akiba yake. Ndani mna wanga, protini na fosforasi ya kuusukuma mche wiki mbili hivi bila kudai chochote chini isipokuwa maji. Kwa hiyo kuota hakukuambii lolote kuhusu mahali ulipopanda. Mbegu huota hata juu ya pamba iliyoloweshwa. Akiba ilipokwisha, mche uligeukia mizizi yake ukakuta hakuna naitrojeni. Mmea wenye njaa hiyo huyanyang'anya majani ya zamani naitrojeni yake ukayapa majani machanga, ndiyo sababu njano huanzia chini. Na kwenye mahindi hushuka kutoka nchani ikifuata mshipa wa kati, mfano wa herufi V. Uliyaeleza vizuri hivi kwamba sikuhitaji picha.

Jiwe la volkano lina karibu kila kitu ambacho mmea hukitafuta ardhini: kalsiamu, magnesiamu, chuma, potasiamu, fosforasi. Naitrojeni yake ni kidogo mno. Iliyo nyingi iko hewani, asilimia 78 ya hewa tunayovuta, lakini kila atomu mbili zimeshikana kwa kifungo cha mara tatu ambacho hakuna mmea unaoweza kukifungua. Radi hufungua kiasi kidogo. Viwanda vya mbolea hufungua kwa joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo mkubwa sana. Kabla ya viwanda, karibu kazi yote ilifanywa na bakteria wachache wenye kimeng'enya cha kuifanya kwenye ubaridi wa ardhi, na mpaka leo wanaendelea. Kila gramu ya protini iliyomo mwilini mwako ina naitrojeni iliyowahi kupitia kwao, au kiwandani, au kwenye mwali wa radi.

Kwa hiyo jambo la kwanza lililokosekana koponi halikuweza kutoka kwenye jiwe hata ungelitwanga mwaka mzima. Ilibidi lije na kiumbe hai.

Hili limeshuhudiwa kwa macho. Novemba 1963, kusini mwa Aisilandi, volkano iliyolipuka chini ya bahari ilitokeza kisiwa kipya kilichopewa jina la Surtsey. Ilitulia mwaka 1967, na watu wasio watafiti wakakatazwa kukanyaga, ili dunia ione ardhi mpya inavyopata uhai. Mmea wa kwanza wenye mishipa ulionekana mwaka 1965 hivi, wakati volkano yenyewe haijazima. Halafu kwa miaka mingi mambo yakaenda polepole: kijani hapa, kijani kule, mchanga mweusi mtupu katikati. Ni kopo lako kwa ukubwa wa kisiwa. Kisha, katikati ya miaka ya 1980, shakwe wakaanza kutaga kwa wingi upande mmoja wa kisiwa. Kinyesi chao kilileta naitrojeni iliyotoka baharini kupitia samaki, na kuzunguka viota vyao majani yakajifunga yakawa zulia, wakati sehemu nyingine za kisiwa zilibaki karibu kama zilivyokuwa. Jiwe lilikuwa lilelile pande zote.

Sasa utaniambia: basi ningeweka mbolea koponi, ningepata udongo. Ungepata mahindi marefu kidogo, ndiyo. Udongo, hapana.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza matokeo ya jaribio linalofanana na lako kuliko unavyodhani. Walipewa gramu 12 tu za vumbi la Mwezi, lililoletwa na wanaanga wa Apollo 11, 12 na 17. Walipanda humo mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis, wakaumwagilia maji yenye virutubisho vyote, naitrojeni ikiwemo. Mbegu ziliota. Baada ya wiki moja hivi mizizi ikaanza kudumaa, mimea mingine ikageuka rangi kwa mateso, na yote ikabaki nyuma ya wenzake waliopandwa kwenye majivu ya volkano ya hapa duniani. Vumbi la Mwezi ni jiwe lililosagwa kwa mabilioni ya miaka na vimondo vinavyoangukia pale, vikubwa na vidogo. Halijawahi kulowa. Halijawahi kuguswa na pumzi ya kiumbe. Chembe zake bado ni kali kama vipande vya kioo, na kuna vijichembe vya chuma ambacho hakijashika kutu. Limesagwa kupita kiasi, na halijaoza hata kidogo.

Neno "kuoza" nalitumia kwa makusudi. Sisi wa kazi hii husema mwamba umeoza, na maana yake ni kwamba umebadilika kuwa kitu kingine. Ukilitwanga jiwe unapata jiwe dogo. Mwamba unapooza, madini yake hufunguliwa na kupangwa upya. Maji ya mvua yakipita hewani huchukua kabonidioksaidi kidogo na kuwa asidi dhaifu, yenye pH (kipimo cha uchachu) 5.6 hivi. Yakizama ardhini yanakutana na hewa nyingine kabisa, kwa sababu mizizi na vijidudu vinapumua humo, na kabonidioksaidi huweza kuwa mara 10 hadi mara 100 ya ile iliyo juu. Maji yanazidi kuwa makali. Kuvu na mizizi huongeza asidi zao. Asidi hizo huingia kwenye fuwele za mwamba na kuyatoa kalsiamu, sodiamu na potasiamu yaliyokuwa yamefungwa humo, kisha silika na alumini zinazobaki hujipanga upya kwa vijibamba vyembamba mno vilivyolala kimoja juu ya kingine.

Huo ndio udongo wa mfinyanzi, au mfinyanzi kwa kifupi. Watu wengi, hata waliosoma, hudhani mfinyanzi ni mchanga uliosagwa zaidi. Ni kweli kwamba tunaupima kwa udogo, chembe zake zikiwa chini ya milimita 0.002, lakini asilia yake ni nyingine: sehemu yake kubwa ni madini mapya ambayo hayakuwemo kwenye jiwe jeusi ulilolitwanga. Yamezaliwa na maji. Na yana sifa mbili ambazo bila hizo sijui tungeishi vipi nchi kavu. Kwanza, eneo la uso. Gramu moja ya aina ya mfinyanzi iitwayo smektaiti, ukiweza kuvifunua vijibamba vyake vyote, hufikia mita za mraba mia kadhaa. Pili, vijibamba hivyo vina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo huyashika potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na amoniamu (aina mojawapo ya naitrojeni), ambayo yana chaji chanya, yasichukuliwe na mvua, kisha huyaachia mzizi unapokuja kubadilishana nao. Mzizi hutoa haidrojeni, mfinyanzi hutoa potasiamu. Ni soko linalofanya kazi usiku na mchana, na kwenye unga wako halikuwepo. Virutubisho ambavyo ungetia vingepita na maji na kutokea chini ya kopo.

(Rangi nayo hutoka hapohapo. Wekundu na umanjano wa udongo ni chuma kilichoshika kutu baada ya kutoka kwenye madini ya mwamba. Ukichimba ukakuta kijivu chenye ubuluu, ujue maji hutuama hapo na hewa haifiki. Nikishuka shimoni rangi ndiyo huitazama kabla ya yote.)

Tuje kwenye ugumu wa saruji, ambao mimi naona ndio somo kubwa zaidi la kopo lako, ingawa wengi wangeishia kwenye naitrojeni.

Chukua udongo mzuri wa juu, pima ujazo wake. Karibu nusu yake ni utupu. Madini ni kama asilimia 45, mboji kama 5, na asilimia 50 iliyobaki ni nafasi wazi zinazogawana maji na hewa. Nafasi hizo zina ukubwa tofauti: zile pana humwaga maji ya ziada na kuingiza hewa baada ya mvua, zile nyembamba hushika maji kwa siku na wiki kadhaa ili mmea unywe. Unga wako ulikuwa na nafasi za aina moja, finyu zote, na hakuna kilichozishikilia. Maji yalipoingia chembe zikalala zikabanana, yalipokauka zikaganda. Mizizi ya mahindi ilikuwa inakosa hewa siku ulipomwagilia, na inakosa maji na njia ya kupita siku zilizofuata.

Kinachozishikilia nafasi hizo kwenye udongo ni gundi, na gundi hiyo hutengenezwa na viumbe. Bakteria hutoa ute wa kujikinga wasikauke, na ute huo hunasa chembe za mfinyanzi. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, huzisuka chembe hizo kama mtu anayefunga mzigo. Mizizi hupenya, hubana pembeni, hunyonya maji na kusababisha nyufa ndogo, halafu hufa na kuacha mfereji. Matokeo ni yale madonge madogo yanayomeguka kwa vidole kama makombo ya mkate. Mkulima hulitazama donge hilo akajua hali ya shamba lake bila kipimo chochote, na mara nyingi hajakosea.

Halafu kuna nyungunyungu. Charles Darwin, ambaye watu humkumbuka kwa mambo mengine, alitumia sehemu ya uzee wake kuwachunguza. Desemba 1842 alimwaga vipande vya chokaa juu ya uwanja wa majani karibu na nyumba yake Uingereza, akasubiri miaka 29. Mwaka 1871 alichimba mfereji akaikuta chokaa ikiwa mstari mweupe ulionyooka, kina cha sentimita 18 chini ya uso. Hakuna aliyeifukia. Nyungunyungu walikuwa wakila udongo chini na kuutoa juu, kidogokidogo, mpaka wakaizika. Alikadiria kwamba sehemu nyingi za nchi ile zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita ndani ya miili yao kila mwaka. Kwenye nchi kame, kazi kama hiyo hufanywa zaidi na mchwa na sisimizi. Nimependa siku zote uvumilivu wa jaribio hilo: mtu kuweka kitu ardhini akiwa kijana na kurudi kukitazama akiwa mzee.

Na nani anayewalisha hawa wote? Mimea yenyewe. Sehemu ya sukari inayotengenezwa na majani kwa mwanga wa jua hutolewa kupitia mizizi na kumwagwa ardhini. Mtu anaweza kuona ni upotevu. Ukweli ni malipo: bakteria na kuvu hula sukari hiyo na kurudisha fosforasi, naitrojeni na maji. Mimea mingi ya nchi kavu ina kuvu wanaoishi ndani au kuzunguka mizizi yake kwa mkataba huo, na mkataba ni wa kale. Kwenye miamba ya Rhynie, Uskoti, yenye umri wa takriban miaka milioni 407, kuna mabaki ya mimea midogo isiyo na mizizi ya kweli wala majani, na ndani ya seli zake kuvu tayari wamo. Kabla ya mimea kuivamia nchi kavu, mvua ilisomba sehemu kubwa ya kilichovunjika na kukipeleka baharini. Tope lilikuwa adimu kwenye mabonde ya mito. Mimea ilipokuja ikauozesha mwamba kwa asidi zake, ikashika tope kwa mizizi yake, na tope likazidi kujikusanya nchi kavu. Uhai uliuhitaji udongo, na udongo ukauhitaji uhai, hata haiwezekani kusema kipi kilitangulia. Vilijengana.

Ndiyo sababu wataalamu hawaielezi asili ya udongo kwa mwamba peke yake. Mrusi Vasily Dokuchaev, aliyezunguka nyika za nchi yake akichunguza udongo mweusi na kuchapisha kazi yake mwaka 1883, aliona mwamba uleule ukizaa udongo tofauti panapobadilika mvua na mimea. Mwaka 1941 mtaalamu wa udongo Hans Jenny alipanga mambo matano yanayoujenga udongo: hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi, mwamba mzazi na muda. Kopo lako lilikuwa na moja kati ya hayo, yaani mwamba, na maji kidogo. Mengine yanajieleza, isipokuwa muda, ambao watu huuelewa visivyo.

Hudhaniwa kwamba udongo ukikaa zaidi huwa mzuri zaidi. Huwa hivyo mpaka mahali fulani, kisha huchoka. Visiwa vya Hawaii vilitokea kimoja baada ya kingine, hivyo mtafiti anaweza kutembea kutoka kwenye lava ya miaka 300 hadi udongo wa miaka milioni 4, akiwa bado kwenye mwamba wa aina moja na mvua inayofanana. Kwenye udongo wenye umri mdogo kabisa, miti hulia njaa ya naitrojeni, kama mahindi yako. Kwenye ule wa katikati kila kitu kinatosha. Kwenye ule wa zamani kabisa naitrojeni ipo, lakini fosforasi ya mwamba imekwisha, imeoshwa na mvua au imefungwa na chuma, na msitu huishi kwa sehemu kwa vumbi linalopeperushwa na upepo kutoka Asia, zaidi ya kilomita 6,000. Msitu wa Amazon nao hupokea fosforasi kutoka kwenye vumbi la Sahara, likiwemo la bonde la Bodélé nchini Chad, ambalo zamani lilikuwa ziwa. Sijazoea habari hiyo hata leo: vumbi la ziwa lililokauka huvuka bahari nzima likatue kwenye msitu.

Umuhimu wa udongo kwa uhai umeshauona kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo nitaongeza mawili tu ambayo kopo lisingekuonyesha. La kwanza ni kaboni. Kwenye mita moja ya juu ya udongo wa dunia kuna kaboni ya viumbe ipatayo tani bilioni 1,500, kuliko ile ya angani na ile ya mimea yote ukizijumlisha. Sehemu kubwa ni mabaki ya vijidudu yaliyong'ang'ania mfinyanzi. Udongo ukilimwa ovyo na kuachwa wazi, vijidudu huipata kaboni hiyo na kuipumua kwenda hewani. La pili ni dawa. Mwaka 1943, kwenye maabara ya Selman Waksman nchini Marekani, mwanafunzi wake Albert Schatz alipata kutoka kwa bakteria wa udongo dawa ya streptomaisini, ya kwanza kuushinda ugonjwa wa kifua kikuu. Bakteria wa ukoo huohuo ndio hutengeneza harufu ile ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukiinusa, umewanusa.

Sasa swali lako la mwisho: je, udongo uliopotea tunaweza kuutengeneza upya? Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa kila siku, kwa hasara kubwa.

Kuna udongo uliochoka na kuna udongo uliokwenda. Uliochoka bado upo: mfinyanzi upo, kina kipo, lakini mboji imepungua, madonge yamevunjika, viumbe wamepotea. Huo hurudi. Ukiufunika kwa mimea au mabua muda wote, ukipunguza kuugeuzageuza kwa jembe, ukaulisha samadi na majani yaliyooza, ukabadilisha mazao na kuingiza jamii ya kunde, utaona mabadiliko kwa miaka michache na mengi zaidi kwa miongo. Watu wa kale wa Amazon, kabla Wazungu hawajafika, walifanya makubwa zaidi: kwa mkaa, mifupa, majivu na takataka za makazi yao waligeuza udongo mwekundu uliokuwa hoi ukawa mweusi wenye rutuba, na leo, karne nyingi baadaye, bado una rutuba kuliko ulio jirani yake.

Udongo uliokwenda ni habari nyingine. Kuoza kwa mwamba mpaka kupata sentimita moja ya udongo huchukua karne, mara nyingi karne kadhaa, na mahali pakavu au penye baridi hata maelfu ya miaka. Mashamba yanayolimwa kwa kugeuza ardhi na kuiacha wazi hupoteza udongo kwa kasi ambayo kwa kawaida ni mara 10 hadi 100 ya ile ya kuzaliwa kwake. Tatizo ni kwamba haionekani. Mmomonyoko wa milimita moja kwa hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani tani 13 hivi za udongo, na milimita moja hakuna mkulima anayeiona kwa jicho. Mvua tano kubwa zinaweza kuichukua akiwa nyumbani amelala. Marekani iliona hasara hiyo pale tu iliporuka angani: miaka ya 1930, baada ya nyika kulimwa na ukame kuja, mawingu ya udongo yalifunika miji mchana, na mwaka 1935 ndipo sheria ya kuhifadhi udongo ikapitishwa. Upande huu siwezi kukupa matumaini ambayo sina. Kina kilichosombwa hakirudi katika umri wa mtu, wala wa wajukuu zake. Kinachowezekana ni kukizuia kisiondoke, na hilo linawezekana sana, kwa matuta yanayokata mteremko, kwa majani yanayofunika ardhi, kwa mizizi isiyong'olewa.

Nakusihi usilitupe kopo. Umeshafanya nusu ya kwanza ya jaribio. Hii hapa nusu ya pili, kama una subira ya mwaka.

Vunja ule ugumu, uchanganye na vipande vikubwa zaidi vya jiwe lilelile, vya ukubwa wa punje za mchele na mtama, ili nafasi ziwe za saizi tofauti. Toboa kopo chini, kama halijatobolewa. Chota kijiko kimoja tu cha udongo hai kutoka mahali panapoota kunde, maharage au mmea wa ukoo huo, kikoroge kwenye maji, mwagia. Umepanda bakteria na kuvu. Kisha panda mbegu za mmea uleule ulioukuta pale, maana bakteria hawa huchagua mwenyeji wao. Mwagilia kidogo, mara kwa mara. Mmea ukizeeka ukate juu, mizizi iache ndani, majani yalaze juu ya uso wa kopo yaoze hapohapo. Panda tena. Rudia mara tatu au nne.

Katikati ya mzunguko wa pili ng'oa mmea mmoja taratibu utazame mizizi. Ukiona vinundu, pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kama nyama, bakteria wanafanya kazi na naitrojeni inaingia koponi kutoka hewani. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado au wamekwisha.

Na mwisho wa mwaka fanya kipimo hiki. Tafuta donge dogo la ule unga wako wa mwanzo uliokauka, na donge la ukubwa uleule lililoshikamana na mizizi kutoka kwenye kopo, likaushe pia. Jaza glasi mbili maji, dondosha kila donge kwenye glasi yake, uyaache bila kutikisa kwa dakika tano. La kwanza natarajia litasambaratika lote likawa tope chini ya glasi. Kama la pili litashikamana, hata nusu yake, na maji yakabaki meupe, niandikie.